Mkwe Nyuma ya Minyaa

Sayi mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Sikuulizi hali, nakuona. Umekaa pale nje kwenye mkeka, kichwa chako kiko kwenye magoti ya mama yako mdogo Limi, unasukwa, na unalalamika kwamba anakuvuta. Vumilia. Hizo nywele kesho zitatazamwa na Mwandoya nzima, na mimi sitaki wakwe zako waseme nimewaletea bibi harusi mwenye kichwa cha shamba lisilopaliliwa.

Mimi niko ghalani, juu ya lundo la pamba. Nimewaambia wanawake wote kwamba natenga pamba safi na fifi, ile chafu, wasinisumbue. Uongo. Naandika. Mwandiko ni wangu mwenyewe, sikumpa mtu kalamu. Nilisoma mpaka darasa la nne, kisha baba akasema ng'ombe hawana wa kuwachunga. Lakini hayo madarasa niliyasoma vizuri kuliko ninyi mliofika kidato cha nne, mnaandika kama kuku aliyekanyaga majivu.

Mambo ya kupika, kuamka kabla ya jua, kumsalimia mama mkwe kwa kupiga goti, hayo wanawake wamekuimbia wiki nzima mpaka mbuzi wanayajua. Siyaongezi. Ukiunguza ugali huko utajifunza kama sisi tulivyojifunza, kwa kuula.

Mimi nina jambo langu moja. Ningeweza kulisema kwa mdomo, maana bibi na mjukuu hawaoneani haya, na wewe unajua sijawahi kukuficha kitu hata kile ulichotamani nikufiche. Lakini nikianza kusema unacheka, ukicheka na mimi nacheka, mwisho habari inapotelea hewani. Karatasi haicheki.

Nilikusikia jikoni. Ulikuwa unamwambia Limi kwamba kliniki kila ukienda kuchukua dawa wanakwambia ukapimwe mlango wa kizazi, na wewe kila mara unasema mwezi ujao. Limi akakuuliza mwezi gani. Ukamwambia, "Nitapima nikishaolewa. Nikikutwa na kitu sasa hivi, harusi itakufa."

Harusi itakufa. Nilitaka niingie na mwiko.

Harusi itakufaje, wewe mtoto? Ng'ombe wa Masunga wameshalala zizini kwangu, na yule mwekundu ameshazaa. Atawarudisha nani? Mimi? Basi hujanijua. Na huyo Masunga unayemwogopa ni yupi? Si yule yule mliyekutana naye kwenye foleni ya dawa, na yeye amekuja kuchukua zake? Wenzenu wanachumbiana kwenye ngoma, ninyi mmechumbiana juu ya vichupa vya vidonge. Mtu anayejua kuwa una virusi, na wewe unajua vyake, bado unamfichia nini hapo katikati?

Lakini sikuingia jikoni. Nilirudi nyuma polepole na mwiko wangu, maana maneno yale niliyafahamu. Yalikuwa yangu. Umeyarithi kama ulivyorithi masikio haya makubwa.

Ngoja nikuambie kwanza habari ya mama yako, kwa kifupi, kisha turudi kwenye furaha.

Holo hakuuawa na virusi. Hapa kijijini kila mtu ana lake la kusema, na mimi nilinyamaza, nikakosea kunyamaza. Dawa alimeza kama unavyomeza wewe. Alinenepa, akarudi kuuza michembe, viazi vya kukausha, gulioni, sauti yake unaisikia kutoka barabarani kabla hujaona viazi vyenyewe. Kisha akaanza kutoka damu isiyo ya mwezi. Alikuwa anafua nguo zake peke yake, upande wa nyuma. Nilipomuuliza akaona haya, na mimi nikaona haya kumuuliza zaidi. Nikamchemshia mizizi. Nikasema ni joto la vidonge, litashuka. Mizizi hiyo ikaisha, nikachimba mingine. Tulipofika hospitali, daktari alimtazama, akanitazama na mimi, akasema tungekuja mapema. Akataja jina la ugonjwa, sikulishika. Wewe ulikuwa unaota meno ya mbele kwa mara ya pili.

Basi. Nimesema, sirudii.

Miaka ikapita. Ukakua, ukaenda sekondari Bariadi na hayo masikio. Mimi naendelea kwenda kituo cha afya Dutwa kuchukua dawa zangu, nakaa benchi, namsema kila anayepita. Siku moja nesi Modesta, yule mfupi mwenye sauti ya kutuliza ng'ombe, akasimama mbele ya wanawake akaanza kutueleza habari za saratani ya mlango wa kizazi. Akasema damu isiyo ya mwezi. Damu baada ya kulala na mume. Uchafu wenye harufu. Kiuno kuuma. Mimi nikaona anamtaja Holo wangu kipande kwa kipande, kama aliyemfahamu. Jina ambalo sikulishika kule hospitali likaja kukaa benchi, ubavuni kwangu.

Kisha akasema, hizo ni dalili za aliyechelewa. Aliyewahi hana dalili yoyote, ndiyo maana tunamwita akiwa mzima. Na sisi wenye virusi, akasema, ugonjwa huu unatupenda kuliko unavyowapenda wengine na unakimbia haraka kwetu, ndiyo maana tunaitwa kupimwa kila mwaka.

Nikasimama. Nikasema mimi wa kwanza. Wanawake wakanipigia vigelegele kama bibi harusi.

Nikaingia, nikavua, kitenge changu nikakitundika msumarini. Nikapanda kitandani, nikafunikwa shuka la kijani. Nesi Modesta akasema nisubiri kidogo, watu ni wengi, leo kuna daktari amekuja kuwasaidia. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanaume mwenye koti jeupe na barakoa, macho yakiwa kwenye glavu anazovaa.

Akasalimia kama anavyosalimiwa mama yeyote, "Mwadila, mayu."

Sayi, sauti ile naijua. Ni sauti inayonisalimia kila Krismasi kutoka barabarani, mwenyewe amegeukia upande wa pili. Ngasa. Mume wa huyo huyo Limi anayekuvuta nywele. Mkwe wangu, ambaye tangu nilipopokea ng'ombe zake sijamshika mkono, sijala naye chombo kimoja, na tukikutana njiani mmoja wetu anaingia kwenye shamba la watu ili mwingine apite. Na mimi nimelala vile anavyolala mwanamke siku ya kuzaa.

Aliinua macho, akaniona uso. Akageukia ukutani kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, glavu moja mkononi na nyingine sakafuni. Mimi kushuka kitandani sikumbuki. Nakumbuka jua. Nakumbuka benchi zima la wanawake linageuza shingo, na mimi nimejifunga shuka la kijani la serikali, kitenge changu kimebaki msumarini. Nikakatiza sokoni vile vile. Nikamkuta mzee mmoja na baiskeli, nikapanda nyuma bila kumuuliza anaelekea wapi. Kumbe alikuwa anakwenda mashine ya kusaga hapo hapo mbele. Ikabidi nishuke nianze kukimbia upya.

Cheka. Najua hapo umeshacheka. Na mimi sasa hivi nacheka peke yangu humu ghalani, watu wa nje watasema pamba imenipanda kichwani.

Lakini angalia vizuri aliyekimbia ni nani. Ni mimi niliyemzika Holo. Mimi niliyetoka kusikia jina la kilichomuua, dakika hiyo hiyo. Aibu ilinitoa kitandani na hayo yote nikiyajua. Ndiyo maana siwezi kukushangaa wewe.

Nilikimbia wakati wa palizi. Pamba ikachanua, ikapasuka, tukaanza kuvuna, sijarudi. Shuka liko chini ya godoro. Nikienda kuchukua dawa napitia mlango wa nyuma kama mwizi. Ulipokuja likizo uliuliza shuka lile limetoka wapi, nikakwambia nimenunua gulioni, ukalisifia. Limi alitumwa na mume wake aje kuniambia nirudi, nikamtoa na ufagio. Alipotumwa tena aliongelea mbali, ufagio usimfikie.

Ndipo siku moja alasiri, nimekaa uani napepeta mtama, nikasikia mtu anakohoa nyuma ya minyaa. Hakuingia. Mkwe haingii. Alisimama kule nje ya ua, amenipa mgongo, pale nilipokuwa nimemfunga yule mbuzi mweupe mwenye ndevu. Akaanza kuongea na mbuzi.

"Mbuzi, mwadila. Mwambie mayu anisamehe. Sikujua ni yeye. Kwenye kadi wameandika Yustina, na mimi miaka yote namjua kama mama Holo."

Mbuzi akatafuna. Mimi nikamgeukia kuku aliyekuwa anadonoa mtama wangu. Nikasema, "Kuku, mwambie huyo mtu wa nje kwamba mimi mzima, siumwi popote."

"Mbuzi, mwambie mayu kwamba asiyeumwa ndiye tunayemtafuta. Shuka la serikali akae nalo. Tunamtaka mwenyewe."

"Kuku, muulize kama yeye atakuwepo."

"Mbuzi, Jumanne mimi nitakuwa Bariadi mkutanoni. Nimebadilishana zamu. Nesi Modesta yuko peke yake, na mlango utafungwa kwa ndani."

Nikampepetea kuku mtama kidogo, nafikiri. Nikadhani ameondoka. Kumbe bado yupo. Na safari hii alimsahau mbuzi.

"Mayu," akasema, mgongo bado kwangu, "Limi alinihadithia habari za dada yake. Alilia mpaka asubuhi. Sitaki aje kunihadithia za mama yake."

Hilo hakumwambia mbuzi. Aliniambia mimi. Na mimi, tangu aoe kwangu, nikamjibu yeye kwa mara ya kwanza, bila kuku. Nikasema, "Nimesikia, baba."

Akaondoka zake kwa njia ya shambani, hakugeuka. Kijana ana adabu yule. Nilimsema sana wakati anaposa, nikasema miguu yake myembamba. Leo nayafuta, ingawa miguu bado ni myembamba.

Jumanne nikaenda. Shuka nimelifua, nimelipiga pasi ya mkaa, nimelikunja kama la kwangu mwenyewe. Nesi Modesta alilipokea kwa mikono miwili, akauma midomo asicheke, akanirudishia kitenge changu, alikuwa amenitunzia. Akafunga mlango kwa ndani.

Sasa hapa nisome vizuri, maana ndipo unapopaogopa. Wana chombo kama mdomo wa bata, ni cha baridi, kinakufungua ili aone ndani. Hakipendezi. Ukijikaza kinasumbua, ukilegea kinapita, na hakiui. Kisha anapaka siki. Siki, Sayi, ile ile ya kachumbari. Harufu ikajaa chumba kizima, nikamwambia, mwanangu, bado kitunguu na pilipili. Alicheka mpaka akaomba nitulie aone vizuri.

Kisha akaacha kucheka. Akatazama, akasogeza taa, akatazama tena. Nikamwona Holo anafua nguo zake upande wa nyuma.

Akasema, "Mama, kuna alama nyeupe. Hii siyo saratani. Ni kitu ambacho tukikiacha kinaweza kuja kuwa saratani. Siki ndiyo imekitoa mafichoni."

Nikamuuliza, sasa?

"Sasa tunakichoma, leo, hapo hapo ulipolala."

Akakichoma na kifaa chake cha joto. Tumbo liliuma kama siku ya kwanza ya mwezi, na kabla sijamaliza Baba Yetu yangu alikuwa ameshamaliza kazi yake. Akaniambia nikae bila mwanaume wiki kadhaa mpaka kidonda kipone. Nikamwambia amri hiyo awape wenye waume, mimi wa kwangu yuko kaburini na hajalalamika. Akaniambia nirudi kutazamwa tena, na nisiruke mwaka hata mmoja.

Msimu mzima wa pamba, Sayi. Kutoka palizi mpaka mavuno, kitu kile kilikuwa kimekaa ndani yangu kinangoja nimalize aibu yangu. Kingeweza kisingoje.

Mwaka uliofuata nikarudi, akapaka siki yake, akatazama, akasema pasafi. Nilirudi nyumbani kwa miguu, naimba barabarani mtu mzima, watu wananisalimia mwadila na mimi nawajibu pasafi. Siku hiyo hiyo nikamtuma Limi ampelekee mume wake yule mbuzi mweupe. Wanawake wakadhani ni heshima kwa mkwe. Ni heshima, sikatai. Lakini pia mbuzi yule alikuwa ameshasikia mengi yangu, nisingeweza kuendelea kukaa naye.

Tangu hapo kila mwaka naenda. Haijawa tamu, imekuwa kawaida.

Najua kingine unachoogopa, ingawa jikoni hukukisema. Unaogopa wakikuta kitu watasema hutazaa. Nilimuuliza nesi Modesta, sikutaja jina lako, nilisema kuna msichana fulani mwenye masikio makubwa. Akasema kikionekana kingali kidogo kama changu kinachomwa, mtu anapona, anabeba mimba yake na anazaa. Kinachonyima watu watoto ni kile kilichoachwa kikakomaa gizani. Nawe usiniambie wewe bado kijana. Virusi umezaliwa navyo, umekaa navyo miaka mingi kuliko hata Masunga. Huo mwaka wa kuanza kuitwa umeshaupita, unajificha tu.

Nje wameanza kuimba. Limi bado hajafika nusu ya kichwa. Nakutazama kwenye upenyo wa mlango na nitakuambia neno moja, kisha nitaendelea kukugombeza. Kichwa chako leo kilitakiwa kiwe kwenye magoti ya Holo. Limi anasuka vizuri, simlaumu, lakini magoti siyo yenyewe. Mimi nataka uzae, na wa kwanza wa kike umwite Holo, na siku atakayosukwa kwenda kwa watu, magoti yawe yako. Hicho ndicho ninachokitaka. Ng'ombe nimeshapata.

Sasa nisikilize. Nimewatangazia wote kwamba basi la Mwandoya linaondoka Bariadi alfajiri. Huo ni uongo wangu wa pili leo. Linaondoka mchana. Wanawake na masanduku watakuja baadaye, Ngasa anajua saa yenyewe na amepata gari la kuwaleta stendi, na kwenye basi atakaa mbele kabisa na dereva ili asinione. Wewe na mimi tunatangulia na bodaboda. Nesi Modesta siku hizi yuko hospitali Bariadi, nimeshampigia simu, anatungoja. Mimi ni zamu yangu ya mwaka, kwa hiyo usiseme bibi amekupeleka kwa nguvu. Unanisindikiza mgonjwa asiyeumwa.

Nitaingia mimi kwanza. Wewe utakaa benchi. Utanisikia namuuliza nesi kitunguu kiko wapi, ujue siki imeshafika. Nikitoka nitakaa pale ulipokaa wewe, na mlango utakuwa wazi. Sitakusukuma. Ulipokuwa mdogo nilikuziba pua ili umeze dawa ya maji, na uliitema kwenye blauzi yangu ya kanisani. Umri huo umekwisha. Sasa unaingia kwa miguu yako au huingii.

Akikuta pasafi, tutakula chapati stendi na nitawaambia watu wote wa kwenye basi, najua utaona haya. Akikuta alama, ataichoma, na basi tutapanda lile lile, utakaa dirishani umeshika tumbo, wenzako watadhani unalilia nyumbani. Masunga utamweleza mwenyewe habari ya zile wiki za kungoja. Kama amengoja ng'ombe wote wale wakubaliwe, atangoja na hilo.

Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha safari, utaikuta asubuhi unapovaa. Isome huku umekaa.

Na ukifika pale mlangoni ukaona huwezi, kimbia. Sitakufuata, magoti yangu hayana tena mbio, na wala sitakucheka, au nitacheka kidogo. Tutarudi siku nyingine, nitakuja mpaka Mwandoya kukuchukua. Ila Sayi, ukikimbia, kimbia na kitenge chako. Lile shuka nililirudisha mara moja, silirudishi tena.

Wananiita, wanasema pamba gani hii isiyokwisha kutengwa. Inua kichwa, Limi asikusuke kombo.

Ni mimi bibi yako,
Yustina wa kwenye kadi.